Mbegu Hailiwi: Historia ya Kuhifadhi Mbegu za Asili Uvira na Kando ya Ziwa Tanganyika

Ukiingia katika jiko la zamani kwenye milima inayotazama Uvira, usiangalie mafiga peke yake. Inua macho. Juu ya moshi utaona masuke ya mtama na mahindi yamefungwa pamoja, yamekuwa meusi kwa masizi. Ukimuuliza mwenye jiko, "Koko, mbona haya hamuyapiki?" atakujibu kwa kifupi: "Ile ni mbegu. Mbegu hailiwi."

Jibu lile si neno la mzaha. Ni sheria, na huenda ni moja ya sheria za kale kuliko zote tulizo nazo. Katika makala hii tunataka kueleza jinsi sheria hiyo ilivyolindwa na wazee wetu, jinsi ilivyokutana na kazi ya wanasayansi wanaohifadhi mbegu za mimea ya asili, na vita viliifanya nini. Tunaandika kwa sababu wanaojua majina ya mbegu zetu wanazidi kupungua, na mbegu isiyo na jina ni kama mtoto aliyepotea sokoni: yuko hai, lakini hakuna anayejua wa kumrudishia.

Jiko lilikuwa ghala la kwanza

Nchi yetu ina mteremko mkali. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Itombwe nyuma yake inapita mita 3,000. Mtu akitoka Kalundu asubuhi na kupanda mlima, kabla ya siku kwisha amepita hali za hewa kadhaa: joto la pwani ya ziwa, miteremko ya mihogo na maharagwe, kisha baridi ya malisho ya juu. Ndiyo sababu mbegu inayofaa Sange, kule kwenye bonde la Ruzizi, inaweza kumtia hasara mkulima wa juu Lemera. Bavira, Bafuliiru, Babembe, Barundi wa bondeni na jirani zao wote walilazimika kuwa na mbegu nyingi, kila moja kwa mahali pake.

Baadhi ya mbegu hizo zilizaliwa Afrika. Mtama na ulezi ni watoto wa bara hili. Nyingine ni wageni waliopewa uraia: mahindi, mihogo na maharagwe vilitoka Amerika baada ya mwaka 1500, vikaingia polepole hadi maziwa makuu. Lakini tazama maharagwe. Katika Kivu, Burundi na Rwanda, akina mama walizoea kupanda mchanganyiko wa rangi na maumbo mengi katika shamba moja: mekundu, meupe, ya madoadoa, yanayotambaa na yanayopanda mti. Mvua ikizidi, mengine yanaoza na mengine yanasimama. Jua likizidi, ni kinyume chake. Kwa kuchagua hivyo kizazi hadi kizazi, waliifanya sehemu hii ya Afrika kuwa makao ya pili ya maharagwe duniani.

Kazi ya mbegu ilikuwa ya akina mama, nayo ilikuwa na hatua zake. Kwanza, mbegu ilichaguliwa shambani, si ghalani: suke zuri lilitiwa alama likiwa bado limesimama, ili mtu auone mmea wenyewe, si punje tu. Pili, ilikaushwa juani hadi ikubali mtihani wa jino. Mama anauma punje: ikilia "kak!" imekauka, jino likizama, bado. Tatu, ililindwa. Maharagwe yalichanganywa na majivu ili vidudu visipate njia, yakatiwa kwenye kibuyu au chungu, na mdomo ukazibwa. Masuke yalitundikwa juu ya moto ili moshi uyakaushe na kuwafukuza fukusi.

Hatua ya nne wengi wanaisahau, na kumbe ndiyo iliyo kubwa: mbegu iligawanywa. Binti akiolewa ng'ambo ya mto, alikwenda na mbegu za mama yake. Jirani akikosa, alikopeshwa akarudisha baada ya mavuno. Kwa hiyo jiko la bibi mmoja likiungua, mbegu yake ilikuwa bado hai kwa shemeji, kwa jirani, kwa binti. Ghala la bibi halikuwa na mlango mmoja.

Wanasayansi walipofika

Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, mwaka 1933, ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo katika Kongo yote, makao yake yakiwa Yangambi kando ya mto Kongo. Upande wetu wa Kivu ilikuwa na kituo cha Mulungu, na baadaye kazi yake ikarithiwa na INERA. Mwaka 1947 ikaanzishwa IRSAC, iliyojenga makao yake Lwiro, karibu na Bukavu, na kufungua kituo cha kuchunguza ziwa hapa Uvira. Kituo hicho ndicho wengi wanachokijua leo kwa jina la CRH.

Tuseme kweli: mbegu zilizotafutwa sana siku zile hazikuwa za jikoni. Zilikuwa za kiwanda na za meli. Wazee wa bonde la Ruzizi wanaikumbuka pamba. Mulungu ilishughulika na kahawa, chai na kinini. Hata kahawa ya robusta, inayonywewa leo dunia nzima, ilitoka katika misitu ya bonde la Kongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipelekwa hadi Java, na huko ikaenea. Mulezi wake wa kwanza, msitu wetu, hakutajwa mara nyingi.

Lakini haki itendeke. Wataalamu wale na wasaidizi wao Wakongo walitembea milimani, wakakata vitawi vyenye maua na matunda, wakavikausha kati ya karatasi, wakaandika mahali, tarehe na jina la kienyeji. Makaratasi hayo yapo. Mkusanyo wa Yangambi ndio mkubwa kuliko yote ya Afrika ya kati, na Lwiro nayo ina wake. Mmea uliokaushwa hauoti tena, lakini unashuhudia: mti huu ulikuwa hapa, na watu wa hapa waliuita hivi.

Kazi yenyewe iko namna gani?

Mwanasayansi wa benki ya mbegu anafanya nini tofauti na koko? Tulipojifunza, tulishangaa jinsi kazi hizi mbili zinavyofanana.

Naye anaanza shambani au porini. Akikuta mmea wa asili wenye mbegu zilizokomaa, hachukui zote. Kanuni ya wengi ni kutozidi sehemu moja katika tano ya mbegu zilizo tayari, ili mmea uendelee kuzaa na ndege wapate chao. Anachukua kutoka mimea mingi, hamsini ikiwezekana, kwa sababu mmea mmoja hauwezi kuisemea jamaa yote. Anakata na kitawi cha kukausha, ili jina lithibitishwe. Anaandika mahali, urefu wa mlima, udongo, na watu wa hapo wanautumia kwa nini.

Kisha anakausha, si kwa jua kali, bali katika chumba chenye hewa kavu ya ubaridi, hadi unyevu wa mbegu ushuke sana. Anazifunga kwenye pakiti isiyopitisha hewa na kuziweka kwenye baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Mtaalamu mmoja aitwaye Harrington aliacha kanuni rahisi ya kukadiria: kila unyevu wa mbegu unaposhuka kwa asilimia 1, maisha yake yanaongezeka maradufu, na kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 hivi, yanaongezeka maradufu tena. Yule mama anayeuma punje anaijua nusu ya kwanza ya kanuni hiyo bila kuisoma popote.

Lakini kazi haiishii kwenye baridi. Kila baada ya miaka kadhaa, mbegu chache hutolewa, huloweshwa, na huhesabiwa ngapi zimeota. Idadi ikishuka, lazima zipandwe tena ili zipatikane mpya. Benki ya mbegu isiyopanda ni kaburi lenye umeme.

Katika Afrika kazi hii si ngeni. Ethiopia ilifungua kituo chake Addis Ababa mwaka 1976, na Melaku Worede, aliyekiongoza, alisisitiza kwamba mbegu zitunzwe pia mikononi mwa wakulima. Kenya ilianza ghala lake huko Muguga, karibu na Nairobi, mwaka 1988. Mwaka 2000 bustani ya Kew ya Uingereza ilifungua benki kubwa ya mbegu za mimea ya porini, na Kenya na Tanzania zilishirikiana nayo. Na tarehe 26 Februari 2008, ghala la akiba ya dunia lilipofunguliwa ndani ya mlima huko Svalbard, Norway, aliyebeba sanduku la kwanza pamoja na waziri mkuu wa nchi hiyo alikuwa mama wa Kiafrika: Wangari Maathai wa Kenya.

Mimea inayokataa baridi

Hata hivyo, si kila mmea unakubali kuwekwa katika pakiti. Mbegu ya embe au avoka ikikaushwa, inakufa. Mbegu ya kahawa haidumu kama ile ya mtama. Muhogo tunaupanda kwa vijiti, na mgomba kwa machipukizi. Ukitaka kuvihifadhi huna budi kuviacha shambani, au kuvikuza kama vichipukizi vidogo ndani ya chupa za laboratwari. Migomba ya dunia imehifadhiwa hivyo Leuven, Ubelgiji, tangu mwaka 1985. Ndizi mojawapo inayojulikana sana na wataalamu kwa kustahimili ugonjwa wa majani inaitwa Yangambi Km 5, jina la mahali hapa Kongo. Mnyauko wa migomba ulipoonekana Masisi mwaka 2001 na kuenea Kivu, wengi tulielewa kwamba mmea usio na mbegu unahitaji walinzi wengi zaidi.

Kuna na miti ya mlimani. Ule ambao wataalamu wanauita Prunus africana gome lake linauzwa nje kwa dawa ya tezi ya wanaume wazee. Biashara yake iliwekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa tangu 1995, maana watu walikuwa wakiuchuna hadi unakufa umesimama. Mbegu zake haziwezi kukaa miaka mingi ghalani. Kwa mti kama huo benki ya kweli ni msitu wenyewe, na ndiyo maana kutangazwa kwa Hifadhi ya Itombwe mwaka 2006 kulikuwa jambo la mbegu pia, si la wanyama tu.

Vita na mbegu

Sasa tufike penye maumivu. Uvira ilitekwa na waasi mwezi Mei 1964. Ilitekwa tena mwezi Oktoba 1996, na mwaka 1998 vita vingine vikaanza. Kila mara watu walikimbia: wengine milimani, wengine Burundi, wengine kwa mitumbwi hadi Kigoma, na kutoka huko hadi kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Mtu anayekimbia anachukua mtoto, sufuria na shuka. Lakini wengi wetu tunawakumbuka bamama waliofunga kiganja cha mbegu kwenye ncha ya kitenge, kama wengine walivyofunga pesa. Waliobaki walikuta majiko yamechomwa, na wenye njaa walikula hata kile kisicholiwa. Hatuwalaumu. Sheria ya mbegu haikuandikwa ili imuue mtu.

Ila historia inao watu waliochagua vingine. Mrusi Nikolai Vavilov alizunguka dunia kukusanya mbegu. Mwaka 1927 alifika hata Ethiopia. Serikali yake ilimfunga mwaka 1940, akafa gerezani mwaka 1943. Wakati huo mji wa Leningrad, palipokuwa na mkusanyo wake, ulikuwa umezingirwa na jeshi la Wajerumani. Baadhi ya wafanyakazi wenzake walikufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na mchele, karanga na ngano ambazo hawakuzigusa. Koko wa jikoni angewaelewa mara moja.

Jirani zetu wa Rwanda wametuachia funzo lingine. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, mashirika ya utafiti yalianzisha mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini. Mbegu za Rwanda zilizokuwa zimetunzwa nje zilizidishwa ili zirudishwe. Wataalamu walipochunguza baadaye, walikuta jambo ambalo hawakulitazamia: aina nyingi za maharagwe hazikuwa zimepotea. Zilikuwa zimepita kwa jirani, kwa ndugu na sokoni, kupitia milango mingi ile ya bibi. Viazi mviringo, ambavyo mbegu yake bora ilitegemea vituo rasmi, ndivyo vilivyoumia zaidi, kwa kuwa kituo kikianguka hakuna mlango mwingine.

Je, tuseme basi ghala la kisayansi halina kazi? Hapana. Tazama Syria. Karibu na mji wa Aleppo palikuwa na kituo cha ICARDA, chenye mbegu za ngano, shayiri na dengu za nchi kavu. Vita vilipokifanya kisifikike, mwaka 2015 wataalamu waliomba sehemu ya akiba yao iliyokuwa Svalbard, wakaipanda Lebanon na Morocco, na mwaka 2017 wakarudisha mbegu mpya kule kwenye barafu. Jiko lilikuwa limeungua, lakini shemeji wa mbali alikuwa na mbegu. Ni desturi ile ile ya bibi, imevaa koti la baridi.

Kosa letu

Tusijifanye wajuzi. Tulipoanza kukusanya mbegu za wazee, tulikwenda kwa mama mmoja mzee juu ya Uvira, akatupa maharagwe ya aina saba. Alituita "bana bangu", akatutajia kila aina: hii inawahi kuiva, hii haichoshi tumbo la mgonjwa, hii ni ya udongo mwekundu. Tulifurahi sana. Tuliyatia yote kwenye chupa za plastiki siku ile ile, tukazifunga vizuri, tukaziweka kabatini. Majina tuliyaacha kichwani, tukisema tutaandika kesho.

Baada ya miezi mitatu tulifungua. Aina nne zilikuwa na ukungu. Hatukufanya mtihani wa jino: tulifunga unyevu ndani pamoja na mbegu. Wahenga walisema akiba haiozi. Kumbe ya mbegu inaoza, ukiifungia mbichi. Zile tatu zilizopona tulizipanda zikaota, lakini hatukuweza kukubaliana ipi ni ya mgonjwa na ipi ni ya udongo mwekundu. Tuliporudi kumuuliza, tulikuta matanga.

Tangu siku ile tunaandika kwanza, tunachukua baadaye. Tunakausha mbegu ndani ya ndoo yenye mfuniko mgumu, pamoja na mchele uliokaangwa hadi ukakauka kabisa, uliofungwa kwenye kitambaa, kwa maana mchele huo unanyonya unyevu. Tunaweka nusu kwetu na nusu tunairudisha kwa mtu mwingine wa kijiji kile kile aipande. Hatuna kongeleta, na hata tungekuwa nayo, umeme wetu unakwenda na kurudi. Lakini mbegu kavu iliyofungwa vema, mahali penye kivuli, inaweza kutuvusha misimu kadhaa, na kupanda kila msimu ndiko kunakotuvusha mingine.

Maji nayo yametufundisha. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, nyumba nyingi za Uvira zilibebwa na watu wengi wakafa. Ziwa nalo likapanda na kumeza viwanja vya ufukweni. Majiko yaliyokwenda na maji yalikwenda na vibuyu vyao. Aliyekuwa amegawa mbegu alirudishiwa. Ambaye hakugawa alinunua sokoni alichokikuta.

Tunaomba nini?

Hatuombi jengo kubwa. Tunaomba kila msomaji mwenye mzee nyumbani akae naye jioni moja na daftari. Aulize: mbegu hii inaitwaje kwa lugha yetu? Ilitoka kwa nani? Inapandwa wapi, inaliwa siku gani? Aulize na mimea ya porini: majani machungu ya mubirizi, lengalenga za asili, miti ya dawa, matete ya ufukweni. Aandike jina la aliyesema na tarehe.

Na ndugu zetu wanasayansi, wa hapa na wa mbali, tunawaomba wanapochukua mbegu ya mlima wetu waache nakala ya mbegu na ya maandishi mlimani. Mkataba wa dunia wa mwaka 1992 kuhusu viumbe hai, ambao nchi yetu iliuridhia ikiwa bado inaitwa Zaïre, unasema faida ya viumbe hivyo igawanywe kwa haki. Haki ya kwanza ya aliyetoa mbegu ni kuirudishiwa anapoikosa.

Wiki iliyopita tulipanda tena zile aina tatu za mama yetu, kila moja kwenye mstari wake. Ikikomaa tutaona ipi inawahi kuiva, na hapo angalau jina moja litakuwa limerudi. Yale mengine mawili tutayatafuta kwa binti zake, kule walikoolewa.